Ada Imepanda Ndege

Kwa miaka minane nililipa ada ya chama chetu bila kuuliza chochote. Ilikuwa inakatwa kwenye mshahara, mstari mmoja mwembamba uliojibana kati ya kodi na bima, na kila nilipouona niliusahau papo hapo. Ungeniuliza hela ile inafanya kazi gani ningekujibu kwa neno moja: "utetezi." Ni neno zuri, ila halina risiti.

Mwaka wa tisa nikachaguliwa kuwa mmoja wa watu watatu wa kamati ndogo ya ukaguzi. Nasema "nikachaguliwa" kwa kuiheshimu katiba. Ukweli ni kwamba kwenye mkutano mkuu mtu alisema, "Na yule pale nyuma," watu wakapiga makofi kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa siku mbili kwa mwaka kwenye chumba cha mweka hazina, kufungua mafaili, kulinganisha vocha na viambatisho vyake, kisha kutia sahihi. Waliotutangulia, tuliambiwa, walikuwa wanamaliza siku ya kwanza kabla ya saa sita mchana.

Vocha iliyoniharibia siku haikuwa na kitu cha kushangaza. Juu imeandikwa "Mafunzo ya viongozi wa matawi." Nyuma yake ankara ya kampuni inayoandaa makongamano, ukurasa mmoja, mistari mitatu: ukumbi na chakula kwa washiriki 60, vifaa vya mafunzo, uratibu na usafiri wa wawezeshaji. Mstari wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko ile miwili ukiijumlisha. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na sahihi 22, na kati ya hizo tano zilikuwa zimeinama upande mmoja, kwa wino mmoja, kama ndugu wa tumbo moja.

Nilipogeuza karatasi nikakuta kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Mtu fulani kule kwenye kampuni, mchapakazi asiyejua anamharibia nani, alikuwa ameambatisha nakala ya tiketi za ndege. Mbili, daraja la biashara, kwenda na kurudi. Jina la kwanza la katibu mkuu wetu, la pili la mke wake. Tarehe ya safari ilikuwa wiki mbili baada ya mafunzo kwisha.

Nikamwonyesha karani. Alikuwa kijana mpole, ameshakaa kwenye kiti kile muda wa kutosha kujua wapi pa kutazama na wapi pa kutotazama. Akasoma, akairudisha mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Kaka, hapo pita tu. Hii imeshaidhinishwa."

"Na nani?"

"Ofisi."

Nikafanya hesabu kwa kipimo pekee ninachokielewa, yaani ada. Tiketi zile zilimeza ada ya mwaka mzima ya wanachama 41. Nikaanza kuwahesabu kwa sura, watu wa tawi langu mmoja mmoja: mama wa dawati la mapokezi anayeomba kila mwaka akatwe kwa awamu, mzee aliyebakiza miezi minne kustaafu, yule binti aliyejiunga kwa sababu nilimshawishi mimi. Nilifika 27 tawi likaisha. Ikabidi niazime watu wa tawi la jirani ili kujaza ndege.

*

Tangu siku ile nimekuwa msomaji wa kesi za namna hii, kama mtu aliyeumwa ugonjwa fulani anavyosoma kila kitu kuuhusu. Jambo moja linajirudia mno hata sasa ndilo ninalolitafuta kwanza. Anasa ya kiongozi wa chama hainunuliwi kwa jina lake. Inapita kwanza kwa mtoa huduma, inabatizwa huko, kisha inarudi kwenye vitabu vya chama ikiwa na jina la kazi.

Chukua National Rifle Association (NRA) ya Marekani, chama cha wamiliki wa bunduki kilichosajiliwa New York mwaka 1871. Sitaki kuingia kwenye siasa ya bunduki hapa. Ninachokitazama ni vitabu. Wayne LaPierre alikiongoza kuanzia 1991. Kati ya 2004 na 2017 zilinunuliwa suti za karibu dola 275,000 kwenye duka la Zegna kule Beverly Hills. Ukipekua vitabu vya chama kutafuta neno "suti" hulipati. Aliyelipa ni Ackerman McQueen, kampuni iliyokuwa inakifanyia chama matangazo, nayo ikajilipa kwa ankara zake za matangazo. Utetezi ulikuwa kwamba mtu anayeonekana kwenye televisheni kwa niaba ya chama lazima avae vizuri. Sawa. Ada ya kawaida ya mwaka ya chama kile miaka ya karibuni ilikuwa dola 45. Gawanya, utaona kabati lile lilivaliwa na mtu mmoja likalipiwa na zaidi ya watu 6,000.

Halafu kuna boti. Hii nikiisimulia watu hudhani nimeongeza chumvi. LaPierre na familia yake walipumzika Bahamas kwenye boti ya kifahari yenye mpishi, mali ya mfanyabiashara ambaye kampuni zake zilikuwa na mikataba mikubwa na chama. Boti hiyo iliitwa Illusions, maana yake viinimacho. Alipoulizwa mahakamani mwaka 2021 alieleza kwamba baada ya mauaji ya shuleni Sandy Hook mwaka 2012 alikuwa anatishiwa, na boti ilikuwa mahali pa usalama. Mimi siwezi kumpimia mtu hofu yake. Ila fomu ya kueleza maslahi binafsi ilikuwepo kila mwaka, ina nafasi ya kuandika "nimepewa boti na mtu tunayemlipa," na nafasi hiyo ilibaki tupu.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, alifungua kesi Agosti 2020. Januari 2021 chama kikakimbilia Texas kuomba ulinzi wa kufilisika, ingawa viongozi wake wenyewe walikuwa wanasema hali ya fedha ni nzuri. Mei mwaka huo jaji akatupilia mbali ombi lile kwa kuwa halikuletwa kwa nia njema. LaPierre alitangaza kujiuzulu Januari 2024, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa. Februari 23 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba alikisababishia chama hasara ya dola milioni 5.4, ukiondoa alichokuwa amesharudisha, alipe milioni 4.35. Kwa kipimo changu hao ni karibu watu 97,000, kila mmoja na dola zake 45. Sijui ungewapanga kwenye ukumbi gani.

*

Hapo mtu atasema hao ni matajiri, wana mishahara minono, ndiyo maana. Basi njoo kwenye chama cha wafanyakazi, ambako ada haihesabiwi kwa dola kwanza. Inahesabiwa kwa saa.

United Auto Workers (UAW), chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kilichozaliwa Detroit mwaka 1935, kilikuwa kinamkata mwanachama mshahara wa saa mbili kila mwezi. Juni 2014 wajumbe wa mkutano mkuu wakapandisha hadi saa mbili na nusu, mara ya kwanza tangu 1967, ili kuujaza mfuko wa migomo. Hebu itazame hiyo nusu saa. Ni mtu amesimama kwenye mstari wa kuunganisha magari, mgongo unamuuma, anajua dakika hizi 30 si zake, ni za siku ya shida ya wote.

Kwenye mkutano uleule Dennis Williams alichaguliwa kuwa rais. Miaka iliyofuata viongozi walikuwa na kongamano lao la kila mwaka kule Palm Springs, California, jangwani penye viwanja vya gofu. Kongamano lenyewe ni la siku chache. Nyumba walizopangiwa viongozi zilikuwa za wiki na miezi. Sigara za bei mbaya zilizidi dola 60,000. Gofu, vinywaji, chakula cha jioni, vyote vikaingizwa kwenye akaunti moja kubwa ya hoteli, na hoteli ikaleta ankara moja iliyosomeka vizuri kabisa: gharama za kongamano. Unaiona ile vocha yangu ya "mafunzo ya viongozi wa matawi"? Mimi niliiona. Nilisoma habari hiyo nikafunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Williams alihukumiwa miezi 21 gerezani mwaka 2021. Gary Jones, aliyempokea urais, alipata miezi 28. Na Jones, hapa ndipo palipo na chumvi ya jeraha, alikuwa mhasibu. Alishafanya kazi kwenye hesabu za chama hichohicho kabla ya kupanda. Alijua barabara ni neno gani likiandikwa kwenye vocha mkaguzi atageuza ukurasa.

Australia walikuwa na yao. Michael Williamson aliongoza Health Services Union, chama cha wafanyakazi wa hospitali: wasafishaji, wabeba wagonjwa, watu wa jikoni. Humo njia ilikuwa makampuni ya kuuza huduma kwa chama, ambayo yeye alikuwa na mkono ndani yake, na ankara zilizovimba. Mei 2012 polisi walipokuja kupekua ofisi walimkuta anataka kutoka na begi la nyaraka. Mwaka 2014 alihukumiwa miaka saba na nusu. Ninachokikumbuka zaidi ni lile begi. Mtu aliyetembea na fedha za wasafishaji kwa miaka, mwisho wa yote anabeba karatasi mwenyewe.

*

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikua nikiamini hivyo, na nilipoingia kamati ya ukaguzi nilidhani nitakuta hakuna daftari. Lilikuwepo. Limepigwa chapa, limefungwa vizuri, kila vocha na namba yake, hakuna mstari uliorukwa. Mali ilikuwa inapotea na daftari likiwa wazi mezani, kwa habari kamili, ila habari yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa majina mengine.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu nimeshabishana nao sana. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa kwenye bodi aliniambia, "Wewe unataka katibu mkuu aende kukutana na waajiri akiwa amebanana kwenye kiti cha mwisho, ameshuka kavimba miguu, halafu akudaie nyongeza ya mshahara wako?" Hoja hii siidharau. Kazi ya kuongoza watu maelfu ni nzito, na chama kinachomlipa kiongozi wake kwa kumhurumia kitapata kiongozi wa kuhurumiwa. Mshahara mzuri siupingi. Hata daraja la biashara kwa safari ndefu ya kazi, ukinieleza, huenda nikapiga kura ya ndiyo.

Lakini basi liandikwe. "Nauli ya daraja la biashara, katibu mkuu na mwenza wake, mapumziko." Maneno kumi na moja. Lisomwe mbele ya mkutano mkuu kwa sauti ileile inayosoma "matengenezo ya paa." Wapo wanachama wangekubali, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kutaka nafasi hiyo iwafikie siku moja. Mbona halikuandikwa hivyo? Aliyelibadilisha jina alikuwa ameshajua jibu letu. Ninapoulizwa nilijuaje kwamba safari ile ni ya wizi na si ya uzembe, jibu langu ni hilo tu: uzembe haukai chini kutafuta jina la kujificha.

Na kwa nini sisi tunaochanga hatuulizi? Hapa sina wa kumlaumu, nina kioo. Ada ya mtu mmoja ni ndogo. Kufukua vitabu kungenigharimu siku mbili za kazi, uhusiano na watu ninaowahitaji, na pengine cheo changu cha tawi, ili niokoe sehemu yangu ya tiketi ambayo haitoshi hata nauli ya kwenda kwenye kikao. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini aliyetia haba yake moja hajisikii kuwa mwenye kibaba. Anayejisikia hivyo ni yule anayekishika.

Zaidi ya hapo, tulikuwa tunakula. Kabla sijawa mkaguzi nilihudhuria mikutano mikuu minne. Kila mmoja nilirudi na begi la kitambaa lenye nembo, kalamu mbili, na posho ndani ya bahasha. Mara zote nne ilipofika "kupokea na kupitisha hesabu zilizokaguliwa" niliinua mkono pamoja na ukumbi mzima. Mara ya tatu nakumbuka niliuinua nikiwa bado natafuna. Kama kuna vocha ya ukimya wangu, imeambatishwa na begi lile, na bado natunzia nyaraka ndani yake.

*

Kwenye taarifa ya kamati tuliandika sentensi moja. Wenzangu wawili hawakutaka zaidi, na nilikubali, jambo ambalo sijivunii: "Kamati imebaini malipo ambayo viambatisho vyake haviendani na maelezo ya vocha, na inashauri yafafanuliwe." Nilitaka neno "tiketi" liwemo. Likatolewa kwa kuwa "tusiwe wakali."

Ukumbini mwenyekiti aliisoma sentensi hiyo haraka haraka, akavua miwani. "Hili ni jambo la utendaji, tutalishughulikia ndani. Ndugu wajumbe, mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani." Nikasimama. Nikauliza je, inawezekana wajumbe waonyeshwe vocha yenyewe? Pakawa kimya. Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka kunitazama, wala hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, kama anayemtazama mtu aliyeamka usingizini na kuanza kuongea. Mwenyekiti akasema, "Taarifa imepokelewa," na makofi yakaja kufunika maneno yangu yaliyobaki.

Mwaka uliofuata kamati ya ukaguzi "iliunganishwa" na kamati ya fedha, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na katibu mkuu. Jina langu halikurudi. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenitukana. Katibu mkuu mwenyewe, nilipokutana naye koridoni, alinishika bega akaniuliza watoto hawajambo.

Sikuonewa peke yangu, wala sikuonewa sana. Kule NRA, Oliver North alikuwa rais wa chama, cheo cha heshima na jina kubwa, na alipoanza kuhoji gharama za mawakili na matumizi ya ofisi hakuvuka mkutano wa Indianapolis wa Aprili 2019. Aliondoka hajapata muhula wa pili. Bodi ile ilikuwa na wajumbe 76. Unaweza kudhani kati ya watu 76 hapakosi macho. Nimekuja kuamini kinyume chake: meza ikiwa ndefu kiasi hicho, kila mtu anadhani aliyekaa upande wa pili ndiye aliyesoma makabrasha. Wazee wa mahakama waliosikiliza kesi ya 2024, watu sita tu, waliona pia kwamba chama kilivunja sheria inayowalinda wanaotoa taarifa.

Yapo yaliyosaidia mahali pengine. Mwaka 1992 ilipofichuka namna William Aramony, rais wa shirika la hisani la United Way of America, alivyokuwa akitumia fedha, ndege za kasi na ghali za Concorde na nyumba ya ghorofani New York iliyonunuliwa kupitia kampuni tanzu, matawi ya mikoani hayakuandika barua ya masikitiko. Mengi yalisitisha mchango wao kwa makao makuu. Aramony akaondoka mwezi uleule, na mwaka 1995 akahukumiwa miaka saba. Kule UAW serikali ililazimisha msimamizi wa nje, na mwishoni mwa 2021 wanachama wakapiga kura kwamba kuanzia sasa rais achaguliwe na kila mwanachama, si na wajumbe wanaolala hoteli moja na wagombea. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulimwangusha rais aliyekuwa madarakani, kwa tofauti ndogo sana ya kura, Machi 2023.

Sisi hatujafika huko. Katibu mkuu wetu bado yupo, amezeeka kidogo. Yule karani nasikia amehamia benki. Binti niliyemshawishi ajiunge aliniuliza juzi kama ajitoe, nikamwambia asijitoe, kisha nikakosa sababu ya kumpa, akanicheka.

Mimi sasa sikatwi tena kwenye mshahara. Niliandika barua kuomba nilipe mwenyewe, kwa mkono wangu, kila mwaka, ili angalau niione ikitoka. Wiki iliyopita ujumbe umeingia kwenye simu: "Ndugu mwanachama, ada ya mwaka huu imepanda. Tunashukuru kwa ushirikiano wako." Nikalipa. Pale chini, kwenye "maelezo ya malipo," mtandao unakupa nafasi ya herufi 20 tu. Nilifuta mara tatu, nikaandika upya, mwisho nikapeleka: TAFADHALI RISITI.